Mtoto Aliuliza Kama Mwalimu Aliwahi Kukosea

Ilikuwa Jumamosi, siku chache kabla ya Oktoba 14. Binti wa kaka yangu, mwenye miaka 11, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka barazani kwangu, daftari mbele yake, akimalizia kazi ya nyumbani ya darasa la tano: andika maisha ya Baba wa Taifa kwa mistari kumi. Nilichungulia. Alizaliwa Aprili 13, 1922, Butiama. Alisoma Mwisenge, Tabora, Makerere na Edinburgh. Alianzisha TANU Julai 7, 1954. Alileta uhuru. Aliunganisha Tanganyika na Zanzibar. Alitangaza Azimio la Arusha. Alimpiga Idi Amin. Alipenda amani. Aling'atuka 1985. Alifariki Oktoba 14, 1999, London.

Mistari kumi, na ukiacha kwamba TANU na uhuru vilikuwa kazi ya wengi, hakuna pa kumnyima alama. Akafunga daftari, akajigeuza, akaniuliza: “Shangazi, Mwalimu aliwahi kukosea?”

Jibu nilikuwa nalo. Lakini kabla sijafungua mdomo nilijikuta nimetazama mlangoni, kuona kama kuna mtu mwingine amesikia. Mtu mzima, ndani ya nyumba yangu, mwaka huu, nimemwogopea mtoto wa darasa la tano swali lake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza kuhusu woga ule, na makala haya yametoka humo.

Ninaamini tunawakosea watoto wetu katika namna tunavyowapa maisha ya Mwalimu Nyerere. Tunawapa tarehe, na tunawapa sanamu. Tarehe zinakaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahaulika mtihani ukipita. Sanamu inasalimiwa kwa heshima na kuachwa pale ilipo. Mtu mwenyewe, aliyekaa usiku akikuna kichwa hajui afanye nini, watoto hatujawakutanisha naye. Na huyo ndiye wanayemhitaji, kwa sababu wao pia kesho watakaa usiku wakikuna kichwa.

Jina lake limewazunguka. Mtoto wa Dar es Salaam anaweza kuvuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni, akapita Barabara ya Nyerere hadi Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, na mfukoni akawa na noti ya shilingi 1,000 yenye sura yake. Umeme unaowasha taa ya kusomea unatoka kwenye mitambo ikiwamo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji. Hifadhi iliyomegwa kutoka pori la Selous mwaka 2019 nayo ni ya Nyerere. Jina limekuwa kama hewa, na mtoto haulizi hewa imetoka wapi.

Basi jioni ile niliamua kuanza upya, na nikaanzia alipokuwa na umri wa mpwa wangu.

Nilimwambia: jina lake la kwanza halikuwa Julius. Aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilikuwa inanyesha. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki na alikuwa na wake 22. Mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano. Kambarage alichunga mbuzi kwenye yale mawe makubwa ya Butiama, na alikuwa hodari wa bao, mchezo ambao hakuuacha hadi uzeeni. Meno yake ya mbele yalichongwa kwa desturi ya kwao. Ukitazama picha zake akicheka utayaona. Shule hakuijua hadi alipofika miaka 12. Mwaka 1934 alipelekwa Mwisenge, Musoma, yapata kilomita 40 kutoka nyumbani, akalala bweni.

“Miaka 12 ndiyo anaanza darasa la kwanza?” Mpwa wangu aliinuka akakaa. “Mimi nina 11.”

Hapo nilijua nimempata. Miaka 12, hajui kusoma, ametoka kwenye mbuzi. Hakuna mstari wa daftari lake uliomfanya ainuke, lakini huo ulimwinua. Mtoto humjia mtu kupitia kile wanacholingana. Umri, mama, njaa, kuogopa mwalimu, kuchekwa na wenzake. Waandishi wa Kiswahili walilijua hili zamani. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alimwonyesha msomaji msichana wa Fumba, mtoto wa mfinyanzi, anayetembeza vyungu mjini akivinadi kwa sauti. Msomaji anamfuata mwanamke huyo kwa miguu kabla hajawa mwimbaji wa kujulikana. Kitabu hicho ni chembamba, na kimesomwa na vizazi. Sijui kwa nini hatukuwaandikia watoto maisha ya wanasiasa wetu kwa mkono ule ule.

Nikaruka hadi Pugu. Huku napo pana jambo ambalo mtoto analielewa upesi kuliko mtu mzima: kuchagua kimoja na kukosa kingine. Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada, akamwoa Maria Januari 1953, akapata kazi ya kufundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu. Mshahara ulikuwepo, nyumba ilikuwepo, na watoto walianza kuja. Mjini kulikuwa na kina Abdulwahid Sykes, mdogo wake Ally, Dossa Aziz na John Rupia, watu waliokuwa kwenye siasa za Dar es Salaam kabla yake, waliompokea na kumfungulia milango ya Kariakoo. Mohamed Said ameandika kitabu kizima kuhusu maisha na nyakati za Abdulwahid Sykes ili watu hao wasipotee, na mtoto anayesoma kwamba Nyerere “alileta uhuru” anastahili kuambiwa kwamba hakuubeba peke yake kichwani kama ndoo.

Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, safari iliyolipiwa kwa michango. Aliporudi ikambidi achague: ualimu au siasa. Akaacha ualimu. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na chama kisichokuwa na hela ya kumlipa. “Mama Maria alisema nini?” mpwa wangu akaniuliza. Swali zuri kupita mengi ninayoyasikia kwenye makongamano. Nilimwambia kwamba baadaye walihamia Magomeni, na kwamba Mama Maria aliendesha duka dogo kusaidia familia. Nyumba ile ya Magomeni leo ni makumbusho. Mzazi wa Dar es Salaam anaweza kumpeleka mtoto wake huko kwa nauli ya daladala na kumwonyesha ukubwa wa chumba.

Lakini sehemu ninayotamani kila mwalimu wa historia aifundishe kwa kuigiza ni Tabora, Januari 1958.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeandaa uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, kwa masharti ya kudhalilisha. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mzungu, kimoja cha Mwasia. Katika nchi ambayo Waafrika walikuwa karibu watu wote, walipewa theluthi moja ya viti. Mpiga kura lazima awe na kipato, elimu au cheo kinachokubalika. Na lazima apige kura tatu, moja kwa kila rangi. Ukimpigia Mwafrika peke yake, karatasi yako inaharibika. Wanachama wengi wa TANU walifika Tabora wameshaamua moyoni: huu ni mtego, tususe. Hasira yao ilikuwa ya haki.

Nyerere alisimama akawaomba waingie kwenye uchaguzi huo huo.

Hapo nilinyamaza, nikamwambia mpwa wangu: “Wewe umo ukumbini. Umetoka Lindi kwa lori na treni, siku kadhaa njiani. Unapiga kura ya kususa au ya kuingia?” Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema angesusa, kwa sababu ukicheza mchezo wa mtu mwenye kudanganya na wewe utaonekana umekubali kudanganywa. Nikamwambia kwamba watu wazima wenye akili zao walisema maneno kama hayo hayo. Zuberi Mtemvu aliondoka TANU baada ya mkutano ule akaanzisha chama chake, ANC. Nyerere naye alihofia kwamba wakisusa, viti vyote 30 vitakwenda kwa wapinzani wao, na hao ndio watakaozungumza na Mwingereza kwa niaba ya nchi. Mkutano ukamfuata. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, na TANU pamoja na Wazungu na Waasia iliowaunga mkono wakashinda. Sharti lililotungwa kuibana TANU likageuka kuwa ngazi yake.

Vitabu vinauita uamuzi huo “uamuzi wa busara”. Simpingi aliyeuita hivyo. Ila ukimpa mtoto jina hilo kabla ya kumpa tatizo, umempa jibu la hesabu na kumficha hesabu yenyewe. Ile Januari hakuna aliyejua kwamba ni busara. Nyerere angeweza kukivunja chama chake vipande viwili. Mpwa wangu alipoelewa kwamba angeweza kushindwa, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama aliogopa. Sikumjibu kwa uhakika, kwa sababu sikuwa kifuani mwake. Lakini nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza mtoto huyu alikuwa anamwonea Mwalimu huruma kidogo, na huruma hiyo ilikuwa imeanza kuchanganyika na heshima.

Sasa nirudi kwenye swali lake. Je, alikosea?

Ndiyo, na tuna bahati kwamba alisema mwenyewe. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliandika tathmini iliyokiri kwamba nchi ilikuwa bado mbali na ujamaa na mbali na kujitegemea. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alitaja katika mahojiano makosa mawili ambayo angeyaepuka kama angepewa nafasi ya kuanza tena: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Serikali za mitaa zilifutwa 1972 kwa mpango wa madaraka mikoani. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, na mkulima aliyekuwa amezoea kuuza kupitia chama chake mwenyewe akakabidhiwa kwa mamlaka za mazao. Alikiri kwamba vyote viwili vilikuwa vyombo vya wananchi kujiendeshea mambo, na akavikosa alipovihitaji.

Kwa mtoto wa miaka 11 nililisema hivi: alikuwa na haraka, akavunja kitu kilichokuwa kinafanya kazi, halafu akasema nimekosea. Alielewa. Watoto huvunja vitu kila siku, na wanajua uzito wa kusema nimekosea kuliko sisi.

Yako mengine ambayo yanahitaji umri mkubwa zaidi, na hayo nisingeyapeleka kwa darasa la tano jinsi yalivyo. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani ilipitishwa 1962, kabla hata uhuru haujatimiza mwaka. Bibi Titi Mohamed, ambaye aliwatoa wanawake wa Dar es Salaam kwenye vikundi vya lelemama akawaingiza TANU kwa maelfu, alishtakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa kwa msamaha wa Rais 1972. Rais huyo ni yule yule aliyesimama naye majukwaani miaka ya hamsini. Katikati ya Dar es Salaam kuna barabara pana yenye jina la mwanamke huyo. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayepita Barabara ya Bibi Titi kila siku anaweza kabisa kuambiwa ni nani, alifanya nini, na nini kilimpata. Akiwa na maswali, hayo ndiyo masomo.

Kuhusu watu kuhamishiwa vijijini sikutaka kusimulia mimi. Nilipiga simu Lindi.

Mama yangu ana miaka 78. Mpwa wangu alimwamkia, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, wakaulizana hali, wakaulizana korosho, kisha akamuuliza moja kwa moja alihamishwaje. Niliweka sauti ya simu juu. Mama alisimulia kama anavyosimulia siku zote, bila kupandisha sauti. Mwaka 1974 walikuja watu na lori. Waliambiwa wapakie vyombo, kijiji kipya kiko kando ya barabara, kutakuwa na shule, zahanati na bomba. Babu yako akasema tuvune kwanza. Wakaambiwa hapana. Paa likaezuliwa siku hiyo hiyo ili wasirudi. Mama alibeba kinu, mchi, ungo na kuku wawili. Mikorosho ilibaki. Kutoka kijiji kipya kuifikia ilikuwa mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi, na mkorosho usiopaliliwa chini yake huliwa na pori na moto. Mwaka hadi mwaka wakaacha kwenda.

Hayakuwa ya mama yangu peke yake. Mamilioni ya watu walihamia vijijini ndani ya miaka michache baada ya agizo la 1973, wengine kwa hiari na wengi kwa nguvu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Miaka kumi na kitu baadaye zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, na bei mbaya ilichangia, lakini mwulize mkulima yeyote mzee wa Kusini, atakutajia kwanza umbali kati ya nyumba na shamba.

Mama akaendelea, na sehemu hii nilikuwa sijawahi kuisikia kwa ukamilifu. Katika kijiji kile kile kipya, chini ya mwembe uliokuwa karibu na ofisi ya kijiji, alijifunza kusoma. Elimu ya watu wazima. Alikuwa na miaka 28, mimi nikiwa tumboni. Walikuwa wakikutana mchana wakitoka shamba, wanawake wengi kuliko wanaume, ubao umeegemezwa kwenye shina. Neno la kwanza aliloandika bila kusaidiwa lilikuwa jina lake. “Nililiandika kwenye vumbi nikaogopa upepo,” alisema, na mpwa wangu akacheka, na mama akacheka huko Lindi.

Mimi nakumbuka jambo moja ambalo mama hakulisema. Oktoba 14, 1999, nilikuwa nimekwenda nyumbani. Mama alikuwa anachambua mchele, ungo mapajani, redio kwenye kidirisha. Sauti ya Rais Mkapa ikatangaza kwamba Mwalimu amefariki katika hospitali ya St. Thomas, London. Mikono ya mama ilisimama. Aliweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike, akajifunika uso kwa khanga, akalia kama anavyoliliwa baba. Mwanamke yule yule aliyeezuliwa paa na kuacha mikorosho yake. Nilikuwa na miaka 23 na sikuelewa. Jumamosi ile, nikiwasikiliza wakicheka kwenye simu, nilianza kuelewa. Aliondolewa kwenye nyumba yake na akapewa herufi, na vyote viwili vilitoka kwa mtu mmoja, na yeye amevibeba vyote bila kukitupa kimoja.

Kama mwanamke wa kijijini aliweza kubeba hivyo, kwa nini tunadhani mjukuu wake wa shule hawezi?

Najua hoja za wanaonipinga, na baadhi yao ni walimu ninaowaheshimu. Wanasema mtoto anahitaji kwanza mfano wa kuiga; makosa atayajua akikua. Wanasema si adabu kumchambua mzee, tena marehemu. Kanisa Katoliki, kupitia Jimbo la Musoma, lilianza mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na wapo wanaoona kwamba kuzungumzia makosa yake ni kama kuuingilia mchakato huo. Nawasikia. Lakini Kanisa lenyewe, katika jambo hilo, hufanya uchunguzi wa maisha ya mtu kwa miaka mingi, likiwahoji waliomjua na kusoma alichoandika. Kuchunguza hakujawahi kuwa utovu wa adabu. Adabu ni jinsi unavyosema, na nani, na kwa nia gani. Mama yangu alisimulia paa lililoezuliwa na hakumtukana mtu.

Na kuhusu mfano wa kuiga, hebu tufikiri anaiga nini. Mtoto aliyefundishwa kwamba Mwalimu hakukosea kamwe hujifunza kwamba wakubwa hawakosei. Akiwa mkubwa naye, akashika cheo, hatakuwa na mahali pa kuliweka kosa lake isipokuwa chini ya zulia. Kitendo kigumu kuliko vyote alichokifanya Nyerere, kwa maoni yangu, kilikuwa kuondoka. Miaka ya mwanzo ya themanini nchi ilikuwa imechoka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimetuachia deni, mafuta yalikuwa ghali, maduka yalikuwa matupu, watu walifua nguo kwa majani ya mpapai. Novemba 5, 1985 alimkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi, aliyekwenda kulegeza mengi ambayo yeye aliyakaza. Barani wakati ule viongozi wengi wa kizazi chake walitolewa madarakani na jeneza au na bunduki. Huwezi kumweleza mtoto ukubwa wa tendo lile ikiwa umemficha kwamba mambo yalikuwa magumu na kwamba baadhi ya ugumu ule ulitokana na maamuzi yake. Mtu asiyekosea anaondoka kwa sababu gani?

Shule zetu sasa zina somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Nililipokea kwa furaha, hasa kwa sababu ya lugha. Hofu yangu iko kwenye ile “na”. Historia ikiketi kiti kimoja na maadili, kuna kishawishi cha kuigeuza kila maisha kuwa hadithi ya Sungura na Fisi: huyu mwema, huyu mbaya, mwisho wa hadithi. Waandishi wa vitabu vya somo hilo wana kazi nzito mikononi. Nawaomba wampe mtoto uamuzi kabla ya matokeo yake. Wapunguze maneno “shujaa”, “mzalendo” na “mwadilifu”, waongeze vitu: bao, lori, karatasi ya kura yenye majina ya rangi tatu, faini ya shilingi 3,000 aliyotozwa mwaka 1958 kwa kuandika dhidi ya maofisa wa wilaya. Mtoto akijua kwamba mtu huyu alishtakiwa kwa sababu ya makala ya gazeti, hatahitaji kuambiwa na mtu kwamba alikuwa jasiri. Ataliona.

Na vitabu vyenyewe viko wapi? Mwaka 2020 Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walitoa wasifu wa Nyerere wa juzuu tatu, kazi ya miaka mingi, mpana na usiomwonea wala kumpaka mafuta. Uko kwa Kiingereza. Mtu aliyetafsiri Julius Caesar na The Merchant of Venice kwa Kiswahili, aliyezigeuza Injili kuwa tenzi, aliyeandika insha juu ya uhuru wa wanawake akiwa kijana wa Makerere, wasifu wake mkubwa hausomeki na mpwa wangu, wala na bibi yake aliyejifunza kusoma chini ya mwembe. Siwalaumu waandishi wale. Wamefanya kazi yao. Nawaomba wachapishaji wetu wafanye ya kwao: kitabu kimoja cha kurasa 60, chenye picha, kwa Kiswahili chepesi na safi, bei ambayo mzazi wa Temeke au Nachingwea ataimudu, kinachoanza na mvulana wa miaka 12 ambaye hajui kusoma.

Wakati tunakisubiri kitabu hicho, waliokuwepo bado wapo. Aliyepigana Kagera akiwa na miaka 20 sasa ana miaka 60 na kitu. Aliyefundisha watu wazima, aliyepanga foleni ya sukari, aliyehamishwa, aliyehamisha wenzake, wote hao wako kwenye koo zetu. Kila mwaka wanapungua. Mzazi mwenzangu, mtoto wako akija na kazi ya mistari kumi, mwache aandike mistari yake kumi, apate alama zake. Kisha mpigie simu bibi yake, weka sauti juu, na umwachie mtoto aulize.

Mpwa wangu aliongeza mstari wa kumi na moja kwa kalamu ya bluu: “Bibi yangu alihamishwa na alijifunza kusoma.” Shule zikifungwa Desemba tunakwenda Lindi, yeye na mimi. Anataka bibi amwonyeshe mikorosho ile ilikuwa wapi.